Waipa ya Mlango wa Nyuma

Sahra alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa barazani nagombana na fundi bomba. Alisema, "Waya, Baba ametutoka," nami nikajua ni nani kabla hajataja jina, kwa sababu siku hizi hakuna mtu mwingine anayeniita Waya. Nikasema inna lillahi, nikamwacha fundi bomba na maji yake yakimwagika, nikaingia chumbani kutafuta viatu. Mke wangu akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia Garissa, kwa Dubow, Sahra amesema wamemzika alfajiri. Akasema basi keti kwanza unywe chai, maana Dubow amekwisha zikwa, na mbio zako hazitamwamsha. Chai niliinywa nimesimama. Nina miaka sabini na sita na bado nanywa chai nimesimama, na huyo mama amechoka kunisema.

Tulipopita Hola mvua nyepesi ilianza, ile isiyolowesha ardhi ila inageuza vumbi la kioo kuwa uji. Kassim, dereva niliyemkodi pamoja na gari lake, akawasha waipa za mbele, kisha akabonyeza ya nyuma. Ikapanda hadi katikati ya kioo, ikasimama. "Hiyo huwa hivyo, mzee," akasema. "Tunaiacha tu. Nyuma kuna nini cha kuangalia?" Nilijaribu kunyamaza, naapa nilijaribu, kwa kilomita nzima. Kisha nikamwambia asimame. Nikateremka mvuani, nikauinua mlango wa nyuma, nikamwambia abonyeze tena. Waipa ikacheza vizuri, kushoto na kulia. Nikaufunga mlango, ikafa. Nikaufungua, ikafufuka. Kassim alicheka, akasema gari lake lina majini. Mimi nilikuwa nimeshika bawaba ya mlango, kwa kuwa ugonjwa ule niliujua. Waya umekatika ndani ya gamba lake pale unapopita kwenye bawaba. Kwa nje unauona mzima. Mlango ukiwa wazi ncha mbili zinagusana, ukifungwa zinaachana. Nilijifunza hayo nikiwa na miaka ishirini, na nilijifunza nimechelewa kwa siku mbili.

Mwaka ninaotaka kuusema ni wa tatu tangu bendera ipandishwe. Ya ukoo wangu nayaacha, hayahusiki hapa. Nilikuwa fundi wa nyaya za magari, na Haji Nuur, mfanyabiashara wa sukari na majani ya chai, alinitoa Mombasa hadi Garissa kwa mkataba wa mwaka mmoja niangalie magari yake. Alinipa chumba nyuma ya gereji, kuta za udongo na paa la bati, kitanda cha kamba, na chini ya kitanda betri kuukuu zilizonuka tindikali hadi shuka zangu zikawa na matundu. Dirisha lilitazama ua wa mbuzi. Sanduku langu sikulifungua. Kila asubuhi nilitoa shati, jioni nikalirudisha, nikabana kufuli, maana niliona nikizitundika nguo misumarini nitakuwa nimekubali kukaa. Nilichukia joto, nilichukia maji ya mto yaliyotaka kusubiriwa tope litulie kwenye mtungi, na zaidi ya yote nilichukia kutojua. Unaamka unakuta soko limefungwa na wanaume wote wameketishwa na wanajeshi mchangani uwanjani, karatasi mkononi, hadi jua linapita utosini. Kesho yake maduka yamefunguliwa na hakuna anayesema lolote. Watu waliokuwa wakichunga mbali walisogezwa karibu na mji, wakazungushiwa miba, na ngamia wao wakasemekana wamechukuliwa. Waliovizia magari kwa bunduki, sisi watu wa kuja tuliwaita shifta. Nyumbani kwa Dubow walisema "wale wa porini", kisha wakabadilisha mazungumzo.

Dubow alikuwa dereva wa Haji, mwanamume wa miaka thelathini na mitano hivi, mrefu, meno yamepishana, asiye na haraka hata kidogo. Siku ya kwanza aliniita adeer. Nikauliza maana yake, nikaambiwa ni baba mdogo. Nikanuna, nikadhani ananidhihaki, mtu mwenye ndevu kuniita mimi baba mdogo. Haji akacheka hadi akakohoa. Akanieleza kuwa kwao mkubwa akimwita mdogo, humpa jina lile lile ambalo mdogo atamwita yeye. Basi tukawa tunaitana adeer, yeye na mimi, na Waya likawa jina langu la mjini, kwa sababu kila mtu Garissa lazima awe na jina alilobandikwa, na wengine walibandikwa mabaya zaidi.

Gari lake lilikuwa la zamani, mwili wa bati, ambalo Haji alilinunua kwa Mzungu wa barabara aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Mzungu huyo alikuwa mtundu. Kila waipa ya mbele ilikuwa na mota yake ndogo, naye akaing'oa ile ya kushoto na kuifunga kwenye mlango wa nyuma, juu ya kioo. Kwa ndani ilikuwa na kishikio kidogo, kwamba mota ikizimia mtu anaweza kuipeleka waipa kwa mkono. Niliona ni upuuzi mtupu hadi nilipouelewa msafara. Miaka ile hakuna gari lililokwenda Modogashe peke yake. Magari yalipangwa mstari, wanajeshi mbele, na sheria ilikuwa kwamba kila dereva ni mlinzi wa aliye nyuma yake. Ukiona amekwama, unapiga honi tatu, wa mbele yako anapiga, mpaka msafara wote unasimama. Kuna mahali pamoja tu palipokatazwa kusimama bila sababu, kipande cha kichaka kizito kati ya laga mbili, yaani makorongo ya mchanga yasiyo na maji. Hapo usisimame kwa kubahatisha. Simama ukiwa umeona kwa macho. Na utaona nini, ikiwa nyuma yako kuna vumbi jekundu linaloganda kiooni kama unga wa muhogo? Kwa hiyo waipa ile iliyokuwa kichekesho kwa Mzungu ilikuwa kwa Dubow kitu kikubwa kuliko breki.

Madereva wa mji ule walikuwa pia na desturi yao, ambayo sijaiona mahali pengine. Fundi aliyetengeneza gari hupanda safari yake ya kwanza. Haijalishi ametengeneza nini. Amefunga springi, anapanda. Amebadilisha waya mmoja wa taa, anapanda, anakwenda na kurudi. Kwenye gari la Dubow fundi aliketi kwenye kibao nyuma kabisa, mgongo kwa shehena ya sukari, uso kwa kioo. Nilipanda mara tano au sita, nikarudi kila mara nimetapika, kope nyekundu, nikiapa sitarudia. Dubow alinipa maji akisema kwa lafudhi yake ya Kisomali, "Bole adeer. Fumbi ni dawa ya tumbo." Huyo ndiye aliyekuwa mtu wangu wa karibu kuliko wote, na nasema hivyo nikijua ninachokwenda kusema.

Chakula cha mchana nilikula kwake karibu kila siku. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, pazia la maua ya buluu katikati, mkeka, na jiko nje. Mkewe, Bi Halima, alipika nyuma ya pazia au uani na sikumwona sana, nilimsikia. Alikuwa na sauti ya kukwaruza na alipenda kusema na sufuria zake. Siku nzuri tulikula nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokaangwa vipande vidogo na kuhifadhiwa kwenye samli. Siku nyingi ilikuwa wali na ndizi mbivu juu yake, nao walimega ndizi na kuila pamoja na wali na mchuzi. Mimi nililiona jambo lile kama kutia sukari kwenye samaki. Niliitoa ndizi kila siku nikaiweka pembeni, na Bi Halima alisikika nyuma ya pazia akiguna. Binti yao Sahra, wa miaka minane, ndiye aliyeila.

Ilikuwa Jumatano. Waipa ya nyuma ilikuwa ikilegea kwa wiki mbili, inapanda nusu, inapumua, inashuka. Niliishusha mota, nikakuta kaboni zake za kupitisha umeme zimelika hadi zimebaki kama punje na mhimili umejaa vumbi. Nikachonga kaboni mpya kutoka mota nyingine mbovu, nikasafisha, nikatia grisi, nikarudisha mahali pake huku mlango wa nyuma ukiwa wazi, kwa kuwa huwezi kufanya kazi ile mlango umefungwa. Nikawasha. Ikacheza kama mpya. Hapo fundi mwenye akili anafunga mlango, anawasha tena. Ni kufumba na kufumbua. Lakini akili yangu haikuwa kwenye mlango. Karani wa vibali vya kusafiri alipokea maombi Alhamisi ya kwanza ya mwezi tu, na kesho yake ndiyo ilikuwa Alhamisi hiyo. Haji alikwisha choka na malalamiko yangu, akasema nikipata kibali niende zangu hata kabla ya mkataba kwisha. Niliuacha mlango ukiwa wazi vile vile nikakimbia chumbani kuandika barua ya maombi. Niliiandika mara nne, mwandiko wangu haukunipendeza.

Mchana tukakaa mkekani, Dubow na mimi, sinia katikati. Akaosha mikono taratibu kama kawaida yake, akauliza, "Waipa nafanya kazi?"

"Inafanya."

"Umejaribu? Mlango umefungwa, umejaribu?"

Nikasema, "Nimejaribu."

Nimejiuliza miaka yote kwa nini. Hakuwa mtu wa kunigombeza. Ningesema bado, angesema twende tukajaribu, tungekwenda, basi. Lakini kwenda kungekula muda, na nilikuwa na barua ya tano kichwani. Kisha nikaongeza la pili. Nikamwomba nisipande kesho. Nikamwambia ni Alhamisi ya karani, nikiikosa nangoja mwezi mzima, na siwezi, adeer, siwezi, nitapata wazimu katika chumba kile. Akatafuna kwa muda mrefu. "Desturi ni fundi abande," akasema. Nikasema ni safari moja tu. Sauti za sufuria nyuma ya pazia zilikuwa zimenyamaza, lakini sikulitilia maanani. Mwishoni akacheka na meno yake yaliyopishana. "Wewe miguu yako iko Mombasa tayari, nabaki kichwa tu hapa. Haya, baki."

Alhamisi nilipanga foleni tangu saa moja, nikatoa barua, nikajibiwa nirudi baada ya siku chache. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Nilinunua hata mafuta ya nywele. Msafara ulirudi kutoka Modogashe Ijumaa alasiri, na nilijua kuna jambo kwa sababu magari yaliingia mjini bila honi. Lori la mwisho halikuwamo. Lilikuwa la Mutua, Mkamba mcheshi aliyependa kuimba akiendesha, na lilikuwa nyuma ya Dubow. Lilinasa mchangani Alhamisi, wakati wa kwenda, pale pale kati ya laga mbili. Mutua alipiga honi, Dubow hakusikia kwa kelele za bati lake. Alitazama nyuma, akaona vumbi, akadhani ni vumbi la Mutua kumbe ni lake mwenyewe limeganda kiooni. Alipotoka kwenye kichaka akasimama kumngoja, akangoja, kisha akapiga honi kama mwenda wazimu. Wanajeshi waliporudi walikuta lori linaungua, shehena imekwenda na wale wa porini, na Mutua amelala chini ya kichaka na risasi pajani. Alipona, lakini mguu haukupona. Alirudi kwao na fimbo, na mimi sikuwahi kumtafuta. Hilo linanikera mpaka leo na sina la kulisemea.

Dubow hakufika nyumbani. Wanajeshi walimshusha garini, wakampeleka kambini kwao. Msomali amemwacha Mkamba porini kwa wenzake, ndivyo mji wa watu wa kuja ulivyosema, na mji wa wenyeji ukakaa kimya. Waliochukuliwa hivyo mwaka ule walipelekwa mbali, na wengine hawakuonekana tena.

Jumamosi Haji alinipeleka ofisini kwa yule afande aliyekuwa akilichunguza jambo hilo. Nikaambiwa ningoje kwenye benchi ya veranda. Dirisha lilikuwa wazi juu ya kichwa changu. Nilisikia karatasi, nikasikia kiti, kisha sauti ya Dubow, ya polepole ile ile.

"Waipa ililala tangu laga ya kwanza, afande. Mimi naona fumbi tu."

"Na fundi? Desturi yenu naijua. Fundi alikuwa wapi?"

"Fundi alitaka kubanda. Mimi nikamkataza. Gari ilikuwa imejaa."

"Alikwambia waipa ni nzima?"

"Hakuniambia kitu. Mimi sikuuliza."

Nilihisi kama nimemwagiwa tindikali ya zile betri. Nikaitwa ndani. Dubow alikuwa ameketi sakafuni, mikono magotini, hakunitazama. Afande alikuwa mtu wa bara, mpole wa sauti, kalamu mbili mfukoni. Akaniuliza kama ni mimi niliyetengeneza waipa ya nyuma. Nikasema ndimi. Akauliza kama ilikuwa inafanya kazi nilipolikabidhi gari.

"Ilikuwa inafanya kazi, afande."

"Basi alikuwa anaona," akasema, akaandika.

Sikusema kitu kingine. Niliogopa. Fundi aliyeharibu gari la msafara mwaka ule hakuitwa mzembe, aliitwa jina lingine, na mimi nilikuwa na barua kwa karani. Nilijiambia sikusema uongo, maana kweli ilifanya kazi, mlango ukiwa wazi. Nilitoka ofisini nikaenda moja kwa moja hadi kwenye gari, lililokuwa limeegeshwa nyuma ya kambi chini ya ulinzi. Askari alinifahamu, akaniruhusu nichukue spana zangu. Nikaufungua mlango wa nyuma, nikawasha. Ikacheza. Nikaufunga. Kimya. Pale ndipo nilipojua, na pale ndipo nilipokiona kile kishikio cha ndani. Hata mota ingekufa, mtu aliyeketi kwenye kibao angekizungusha kwa mkono, na Dubow angeona.

Siku tatu zilizofuata sikuweza kukaa wala kusimama. Nilizunguka gereji, nikafungua mota nzima nzima, nikazifunga tena. Mchana wa siku ya kwanza Sahra alikuja na bakuli limefunikwa kwa kitambaa, akaliweka kizingitini. "Mama anasema ule," akasema, akaondoka. Wali, na ndizi juu yake. Nilimpa mlinzi wa Haji, nikaliosha bakuli, nikalirudisha. Siku ya pili vile vile. Nilijiambia maskini mama huyu hajui lolote, anamlisha rafiki wa mumewe, na wazo hilo liliniumiza kuliko matusi. Siku ya tatu asubuhi kibali changu kikatoka. Muhuri wa zambarau, jina langu limeandikwa vizuri, msafara wa kwenda chini pwani kesho yake. Nilikishika mkononi nikakaa juu ya sanduku, na Sahra akaja na bakuli. Nilikuwa na njaa ya siku tatu. Niliitoa ndizi nikaiweka pembeni kwa mazoea, nikala wali wote, nikilia kama mtoto, mchuzi ukinichuruzika mkononi. Kisha nikanawa, nikalirudisha bakuli likiwa na ndizi yake, nikaenda kambini.

Nilimwambia afande aje kwenye gari. Hakutaka, kisha akaja. Nikaufungua mlango nikawasha, nikaufunga nikawasha. Nikalichana gamba la waya kwenye bawaba kwa kisu nikamwonyesha shaba iliyokatika. Nikamwambia nilijaribu mlango ukiwa wazi tu. Nikamwambia Dubow aliniuliza nami nikamdanganya. La kwamba ni mimi niliyeomba kubaki sikulisema. Yeye hakuniuliza, nami sikulitoa. Afande alisimama pale muda mrefu akiufungua na kuufunga mlango mwenyewe. Kisha akaniomba kibali changu, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni pamoja na kalamu zake. "Wewe hutoki mji huu mpaka nikwambie," akasema. Nililala kambini siku tisa, nikaulizwa maswali yale yale na watu tofauti. Siku ya kumi walitufungulia sote wawili, kwa mlango mmoja, na Dubow akanipa mkono, akasema, "Haya adeer," kama tumekutana sokoni.

Nilibaki mwaka wote. Kitu cha kwanza alichofanya Dubow aliporudishiwa gari ni kuniita. Tukapitisha waya mpya, nikauachia kitanzi cha ziada kwenye bawaba ili ujikunje bila kuvutika. Akaniambia niingie ndani, akaufunga mlango nikiwemo, akawasha, akaitazama waipa ikipita mbele ya uso wangu kwenye kioo mpaka akaridhika. Safari ile nilipanda. Na zote zilizofuata, zenye matengenezo na zisizo na matengenezo. Ile habari ya siku ya ofisini hakuitaja, nami sikuitaja. Mkataba ulipokwisha alinisindikiza. Tulionana mara chache baadaye, Mombasa na Nairobi, watu wazima wenye watoto, na kila mara nilikuwa na neno mdomoni na kila mara nilikuwa na basi la kuwahi.

Tulifika Garissa alasiri, waipa ya Kassim imesimama katikati ya kioo. Matanga yalikuwa yamejaza uwanja kwa viti na maturubai. Sahra, mwanamke wa miaka sitini na kitu sasa, aliyestaafu ualimu, alinipokea akaniingiza chumba cha ndani alikokaa mama yake. Bi Halima alikuwa kwenye godoro, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho yamefifia, watu wa nyumbani wamemzunguka. Sahra akanitambulisha kwa wajukuu. "Huyu ndiye Waya," akasema. "Ndiye aliyemtoa Babu kambini. Babu alitusimulia kila mwaka. Siku ile Waya alitaka kupanda, Babu akamkataza kwa sababu gari lilijaa. Akasema kosa lilikuwa lake mwenyewe, alivunja desturi, na fundi akamwokoa." Wajukuu walinitazama kwa heshima. Mmoja akanisogezea mto.

Miaka hamsini na sita mtu yule alikuwa amebeba uongo wangu, na alikuwa ameupigia pasi kabisa. Ningeweza kuuacha. Mwenyewe alikuwa amekwisha funikwa na mchanga, na nani angeumia? Lakini nilikuwa nimeketi, safari hii sikuwa na basi.

"Si kweli," nikasema. "Hakunikataza. Mimi ndiye niliyemwomba nibaki, kwa ajili ya kibali. Alisema desturi ni nipande, nikamsihi. Aliniuliza kama nimejaribu waipa na mlango umefungwa, nikasema nimejaribu. Nilimdanganya baba yenu juu ya sinia yake mwenyewe."

Kutoka kwenye godoro ikaja ile sauti ya kukwaruza.

"Mimi najua."

Sahra akainama. "Mama, unajua nini?"

"Mimi nilikuwa nyuma ya bazia. Nasikia yote." Bi Halima alikuwa akitafuta upande niliko kwa macho yale mabovu, akaniita kama kwao wanavyomwita kijana. "Waryaa Waya. Mara tatu mimi nakubikia wali, bwana yangu iko ndani. Ulifikiri mimi sijui nabikia nani?"

Aliendelea, anahesabu kwa vidole vyake. "Mara ya kwanza bakuli narudi imeoshwa sana. Nikajua hukula. Mara ya bili, imeoshwa sana. Mara ya tatu narudi na ndizi." Akaguna, mguno ule ule. "Nikamwambia Sahra, haya, sasa atakwenda kusema."

Kisha akasema kitu kwa Kisomali, na mjukuu mmoja akatoka akarudi na sahani, akaiweka mbele yangu. Wali, nyama ya mbuzi, na ndizi juu yake. Bi Halima alikuwa ametega sikio. Nilinawa. Niliichukua ndizi, nikaimenya, nikaimega juu ya wali, nikala.